Mafuta Yasiyotembea

Mwanangu Furaha,

Pokea salamu za baba yako, na uniwie radhi kwanza kwa mwandiko huu. Mkono ambao masista waliusifu zamani kwa herufi zake za mviringo sasa umezeeka, na mvua ya alasiri hii imeitia nyumba giza kabla ya wakati wake. Umekwenda parokiani kuwaaga wanakwaya wenzako. Najua hutarudi mpaka mvua ikatike, kwa hiyo nina muda. Na muda ndio niliokuwa nikijidai kuukosa kwa miaka minane.

Kesho asubuhi lori la Papa Kambale litakuchukua. Litashuka Sake, litapita Shasha na Minova, na Mungu akijalia litakufikisha Bukavu, ambako utajifunza kutengeneza dawa. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za maji ya kuchemsha, wala za vijana. Shangazi yako amekueleza hayo juma zima, nami nilikuona ukiitikia kwa adabu huku ukikunja nguo. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu daftari langu la kijani, ulilolizungushia kitenge na kulilaza katikati ya sanduku kama yai.

Leo asubuhi Papa Kambale alipokuja kuangalia mzigo, alilinyanyua sanduku upande mmoja akaguna.

"Dada Furaha, umetia mawe humu?"

"Ni vitabu, Papa."

"Njo vile! Muntu ya Masisi akisafiri, anabeba na mulima yake."

Ukacheka, ukafungua sanduku ili upunguze, na kitu cha kwanza ulichotoa ni sahani ya bati ya mama yako, ile yenye ukingo wa buluu uliobanduka. "Papa, hii sahani ni ya nini? Bukavu sahani ziko." Nikairudisha. Ukaitoa tena. Kisha ukamwonyesha Papa Kambale daftari, na uso wako ulikuwa na fahari ambayo sikuweza kuitazama. "Hii njo kazi ya Papa. Pomadi yake ya pua iliponya batoto mingi wakati ya vita. Nitaonyesha profesa." Yule mfanyabiashara mwema, aliyezoea kuheshimu vitu vinavyosafirishwa mbali, akavua kofia mbele yangu. Mimi nikainama kujifanya nafunga kamba ya kiatu.

Tena ukaniuliza, ukiwa umefunua katikati: "Na hapa ukurasa ulienda wapi?" Nikakujibu kwamba ni panya.

Furaha, hakuna panya. Niliuchana mwenyewe.

Nivumilie nianzie mbali kidogo, maana sipendi uonekane kama mtu anayehukumu kesi pasipo kusikia mwanzo wake.

Unajua kwamba nilipokuwa kijana nilipelekwa kwa masista nikafunzwa uuguzi. Watu waliniita Dokta, nami nilikuwa nikiwasahihisha, mwanzoni. Sista mmoja mzee, aliyesimamia chumba cha dawa, ndiye aliyenifundisha habari ya ngozi ya ndani: ile ya puani, ya mdomoni, ya kope, na kwingine ambako alikutaja kwa Kifaransa na kwa haraka. Alisema ngozi ya nje imevaa nguo, lakini ya ndani iko uchi, na ulinzi wake pekee ni unyevu. Ikikauka inapasuka, na palipopasuka ugonjwa hauhitaji kubisha hodi. Huku kwetu milimani, pamoja na baridi ya asubuhi na moshi wa nyumba zisizo na dirisha, watoto wengi walikuja na pua zilizochanika na kutoka damu. Vidonge havikuwa na msaada kwao. Sista alinionyesha kupasha siagi ya ng'ombe pamoja na nta ya nyuki mpaka vishikamane, kisha kupaka kidogo kwa ncha ya kidole cha mwisho, mlangoni mwa pua tu. Alikuwa akikikamata kidole changu akisema: "Mlangoni. Mafuta ni mlinzi. Mlinzi akiingia chumbani, mlango umebaki na nani?"

Nilipooa, mama yako ndiye aliyeichukua kazi ya chunguni, kwa kuwa mimi niliunguza mara mbili. Yeye hakusoma kwa masista. Lakini alibuni kipimo chake. Alitia pomadi kiasi cha punje ya haragwe juu ya ile sahani ya bati, akaingoja ipoe, akaiinamisha sahani kama mtu anayemwaga maji, kisha akasali Salamu Maria moja, polepole. Pomadi ikiwa haijasogea mpaka Amina, ilikuwa tayari. Ikisogea, alirudisha chungu motoni na kuongeza nta. Mimi nilimtania mbele ya wageni. Nilimwambia kwamba katika vitabu vyote vya dawa nilivyosoma sikukuta mahali ambapo Bikira Maria amewekwa kazini kupima mafuta. Naye alinijibu, bila kugeuka: "Basi vitabu vyako vinapima na nini, Papa Furaha? Na macho ya mwenye ameviandika?"

Wageni walicheka. Nilicheka na mimi, lakini sikuandika kipimo chake katika daftari. Daftari lina gramu, lina dakika za moto, lina jina langu kwenye kila ukurasa. Sahani haimo. Tafuta, hutaiona. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mengine yote yalipitia hapo.

Kisha vita vikatufikia. Ulikuwa na miaka kumi, unakumbuka safari yenyewe kuliko mimi: siku zile za kuteremka kwa miguu kuelekea Walikale, wewe ukiwa na chungu kichwani kwa sababu ulikataa mtu mwingine akibebe. Tuliyoyaacha nyuma hukuyajua. Ng'ombe wa mlima wetu walikuwa wameswagwa au wamechinjwa. Mizinga ya nyuki ilibaki kwenye miti yake. Tulipofika Ntoto, huko Walikale, tukapokelewa kwa wema, tukapewa kibanda, nami nikaombwa niwatazame wagonjwa chini ya turubai, maana hapakuwa na mwingine.

Kule watoto wa wakimbizi walikuwa na pua zilezile. Moshi wa kuni mbichi, vibanda vya majani, watu wanane ndani. Akina mama waliotoka milimani pamoja nasi walinijia: "Dokta, ile pomadi." Sikuwa na siagi. Nta ilikuwa msituni, na msituni kulikuwa na wenye bunduki. Kilichokuwepo kwa wingi ni mawese, mazuri, mekundu, ya kule kule. Nikayachukua mawese, nikapunguza hiki, nikaongeza kile, nikatumia kipande cha nta kilichobaki mpaka kikaisha, na baada ya kuisha nikaendelea bila nta. Niliandika katika daftari: "Pomadi ya Ntoto." Niliona fahari, Furaha. Nilijiona mtu ambaye hata vita havikumzuia kufanya kazi yake.

Lakini kule hakuna baridi ya Masisi. Kitu ambacho hapa kwetu kingekaa imara kama samli ya asubuhi, kule kilikuwa kinayeyuka kabla jua halijafika juu ya paa. Mama yako alikitia kwenye sahani, akaiinamisha, na hakufika hata kwenye "umejaa neema." Alinitazama.

"Papa Furaha, hii mafuta iko inakimbia kama askari mwenye amesikia masasi."

Nikamwambia kwamba sahani ni ya moto kwa sababu ya jua.

"Sahani haina neno. Hii haiko pomadi tena. Iko maji ya mawese. Usipatie bamama."

Nami, mtu wa adabu, mtu ambaye hata wagonjwa walevi niliwaita bwana, nilimjibu mke wangu mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja: "Mama Furaha, mambo ya chungu ni yako. Mambo ya dawa ni yangu." Aliifuta sahani kwa upindo wa kitenge chake. Na kwa kuwa kitu cha majimaji hakiwezi kupakwa kwa ncha ya kidole, nilitafuta njia nyingine, nikaiandika kwa mkono uleule wa herufi za mviringo: matone mawili katika kila tundu la pua, asubuhi na jioni, mtoto akiwa amelazwa chali.

Najua wewe uliyefaulu mitihani ya sayansi umekwisha kuelewa. Lakini niache niandike, nimelibeba muda mrefu.

Mama Baraka alikuwa jirani yetu wa kibanda cha tatu. Baraka alikuwa na miezi mitano, yule mnene uliyekuwa ukimbeba mgongoni na kumwita bwana mkubwa. Pua yake ilikuwa imekauka tu, jambo dogo. Mama yake alikuwa mtiifu kupita wote. Asubuhi na jioni, matone mawili, chali, bila kukosa hata siku moja. Baada ya majuma kadhaa mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisicho na makamasi. Nilimpa dawa niliyokuwa nayo. Kikohozi hakikusikia. Pumzi ikawa fupi, mbavu zikawa zinaingia ndani kila anapovuta. Ulinivuta shati ukaniuliza: "Papa, juu ya nini Baraka anakohoa hivi?" Nilikuambia ni moshi.

Siku niliyoweka sikio kifuani pake na kusikia ile sauti, kama mafuta kwenye kikaango kilicho mbali, nilimkumbuka Sista akinishika kidole. Mlangoni. Mimi nilimwingiza mlinzi hadi chumbani. Mafuta hayakumpalia kama maji, kwa hiyo mtoto hakuyakohoa yalipokuwa yakishuka. Yalipita kimya, kidogo kidogo, siku baada ya siku, yakalala mapafuni. Nilikataza matone siku ileile kwa watoto wote. Wawili wengine waliokuwa wakikohoa walipata nafuu. Baraka hakupata.

Sitasema nina hakika kamili. Palikuwa na njaa, palikuwa na moshi kweli, na mtoto mmoja katika hali ile anaweza kuchukuliwa na mambo mengi. Kwa miaka minane nimeyapanga mambo hayo mbele yangu kama mtetezi mahakamani. Sijawahi kushinda kesi hiyo.

Baada ya mazishi mama yake alikuja kibandani kwetu, akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili. "Aksanti, Dokta. Ulijikaza sana juu ya mutoto yangu." Nikamwambia Mungu amfariji. Ni hayo tu niliyomwambia, mwanangu. Jioni ile nikauchana ukurasa.

Ingekuwa heri kama aibu yangu ingeishia pale. Lakini nilikuwa nimewafundisha wanawake wengi kutengeneza ile dawa, wengine walikuwa wamekwisha kuhamia mbali, hadi Mpofi, nao walikuwa wakiifundisha kwa wengine. Mtu fulani alipaswa kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia waache. Nililala kwenye mkeka siku mbili nikisema nina homa. Mama yako akachukua fimbo akaenda.

Alikwenda Ntoto yote, kisha akashika njia ya Mpofi pamoja na wanawake wa soko, njia ambayo wanaume walikuwa wakiiogopa. Na kila mlango alisema maneno yaleyale: "Bamama, musitie tena ile mafuta mu pua ya batoto. Mimi njo nilipika vibaya."

Mimi njo nilipika vibaya. Yeye ndiye, si mimi. Nilipomuuliza kwa nini alisema hivyo, alikuwa ameketi anakanda miguu yake iliyovimba. Alinijibu kwa uchovu tu, bila hasira: "Wakijua Dokta amekosa, kesho hawataleta wenye kuhara, hawataleta wenye malaria. Watakufa ku nyumba. Mimi wakiniacha, wataacha nini? Chungu tu." Kisha akaongeza: "Lakini wewe siku moja utaambia mutoto yetu. Si leo. Lakini utamwambia."

Nilimwahidi. Alingoja miaka mitano, mpaka tumerudi hapa Masisi na akalala kitandani asikoinuka tena, na hata siku zile za mwisho, ulipokuwa ukitoka chumbani, alikuwa akiniangalia mimi, kisha mlango uliotokea wewe. Nilielewa. Nikamrekebishia mto.

Sasa nifike palipo pagumu kuliko pote, na hapa naomba msamaha kabla sijaandika.

Kule Ntoto, kwenye chemchemi, wasichana wenzako walikuwa wakikuzomea. "Mutoto wa mupishi wa sumu!" Nilikuwa nyuma ya migomba siku moja, nimetoka kukata majani. Nilikusikia ukiwajibu kwa sauti kubwa, mtoto wa miaka kumi mwenye dumu mkononi: "Ni Mama njo aliharibisha! Papa anajua dawa! Papa hawezi kukosa!" Ulikuwa unanitetea. Nilipaswa kutoka kwenye migomba ile. Hatua tano, labda sita. Nilisimama na majani yangu mpaka mkaondoka.

Tangu siku ile hukula tena jikoni pamoja naye kama zamani. Hukumkosea heshima, wewe hukuwa mtoto wa namna hiyo. Ila ulijitenga kidogo. Alipokuita umsaidie kwenye chungu ulikuja kwangu kusoma. Nami nilikupokea. Nilikufundisha Kifaransa, nilikufundisha kupima, nikafurahi kwamba binti yangu anapenda dawa. Sehemu ya mapenzi hayo niliiiba kutoka kwa mama yako, naye alijua, na alikuwa akituletea chai.

Ndiyo maana sahani imo sandukuni. Nimeirudisha mara ya pili, wakati ulipokuwa unavaa viatu vya kwenda parokiani.

Juzi ulinisomea kutoka kitabu chako cha shule kwamba ndani ya ngozi, kati ya chembe na chembe, kuna mafuta yaliyowekwa na Muumba mwenyewe, kama udongo unaokandikwa kati ya miti ya ukuta, na kwamba kuna wataalamu wanaotafuta namna ya kutengeneza mafuta yanayofanana na hayo ili kuuziba ukuta unapopasuka. Ulisema ungependa kufanya kazi hiyo, kwa ajili ya pua na midomo ya watoto wa hapa, na kwa ajili ya akina mama wanaoumia katika kuzaa. Nilikusikiliza nikajifanya nasinzia. Nilikuwa nafikiri kwamba mama yako hakujua neno hata moja kati ya hayo, lakini alijua swali lake: je, yanakaa pale yalipowekwa? Mimi nilijua maneno na sikuuliza swali.

Mwaka mmoja baada ya Baraka, kabla hatujatoka Ntoto, mama yake alikuja tena. Alikuwa na mtoto mwingine mgongoni, na mkononi kichupa kidogo. Alisubiri mama yako atoke ndipo akaninong'oneza: "Dokta, unitengenezee ile ya pua. Ufanye wewe mwenyewe, na mukono yako. Usiachie Mama Furaha." Nilimjibu kwamba mawese mazuri yamekwisha. Sikumwambia kweli hata siku ile. Yuko hai, nasikia. Mawese hayajaisha Walikale. Ikiwa leo ataliona daftari lile mikononi mwa binti ya Dokta aliyesoma Bukavu, lisilo na neno lolote la kuyakataza yale matone mawili, ataamini. Na profesa wako anaweza kuamini, na wanafunzi wenzako wataandika, na itatembea tena kama ilivyotembea hadi Mpofi, na safari hii hapatakuwa na mwanamke wa kuchukua fimbo.

Ukurasa sikuuchoma. Ulikuwa ndani ya kitabu changu cha sala muda wote. Leo nimeushona mahali pake kwa uzi mweusi, vibaya, utasamehe. Chini ya "matone mawili" nimeandika yaliyompata Baraka. Kwenye ukurasa wa kwanza wa pomadi, ile ya siagi na nta, nimeandika kipimo cha sahani na jina la aliyekibuni, jina lake kamili la ubatizo, kwa herufi za mviringo kadiri nilivyoweza. Nitamtafuta mtu wa kumpelekea Mama Baraka barua yake. Nimeianza. Ni fupi kuliko hii na ni ngumu zaidi.

Nilipoanza kuandika alasiri hii nilikuwa nimekusudia kukupa bahasha kesho na kukuomba usiifungue mpaka Shasha, pale lori linaposimama kununua samaki. Nilichagua Shasha kwa sababu kutoka pale usingeweza kurudi kuniuliza. Naona sasa kwamba hiyo ni migomba ileile, na mimi bado nimesimama nyuma yake.

Kwa hiyo utaikuta barua hii mezani ukirudi, chini ya daftari. Mvua inapungua, nasikia watu wanaanza kupita njiani. Niko jikoni. Nimeomba siagi kwa jirani, nimepata na nta, na chungu ni kile kile ulichokibeba kichwani. Nitaunguza kama kawaida yangu. Usiniamkie kama hutaki. Nitaelewa, na sitakuuliza lolote mpaka lori litakapokuja.

Ila ukiweza, mwanangu, ichukue sahani kutoka sandukuni uje nayo. Pomadi itakuwa imekwisha kupoa. Sijaijaribu. Mimi sijawahi kuisali ile Salamu Maria kwa mwendo wake; wewe ulikuwa ukiisikia kila siku kabla hatujaharibu mambo, na nadhani bado unajua alipokuwa akivuta pumzi.

Baba yako, anayekuomba radhi,
jikoni kwa mama yako, Masisi.